Ukuta wa Sebule na Jina la Fundi Mbwana

Zuhura mwanangu,

Salamu za baba hazihitaji karatasi kwa mtoto anayelala chumba cha pili, lakini kesho kutwa utakuwa mbali, basi zipokee leo ukae nazo. Hali yako siulizi. Nimekuona mchana ukila wali wa nazi na samaki changu kama mtu aliyeambiwa Dar es Salaam hakuna chakula.

Umekwenda Ngamiani na mama yako kumuaga shangazi, nyumba imetulia, nami nimefunika cherehani mapema. Naandikia kwenye meza ya kukatia nguo na jua bado lipo. Habari za sabuni, za kanga ngapi uchukue, za nani umwamini njiani na nani usimwamini, mama yako amekwisha kukuambia, na ataendelea mpaka basi liondoke. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina habari moja ya zamani, ya nyumba hii na mtu niliyemwita kuipaka rangi. Nusu yake unaijua. Nusu ya pili sikupata kukueleza, na mtu anayekwenda kusomea uuguzi nataka aende nayo nzima.

Ulikuwa na miaka kumi. Mwaka ule mkonge ulikuwa na bei, na makarani wa mashamba walikuja kwangu kushona suruali mbili mbili. Nilikuwa na kazi mpaka vidole vikaniuma, na mtu akiwa na kazi nyingi hujiona ana akili nyingi. Dada yako Rukia alikuwa amechumbiwa na watu wa Pangani, watu wa heshima. Mkubwa wao alikuwa Mzee Bakari, ami yake bwana harusi, ndiye aliyekuja kuleta posa. Alipokaa sebuleni kwetu nilimwona anatazama ukuta.

Ukuta wenyewe ulistahili kutazamwa. Nyumba hii aliijenga babu yako kwa mawe na chokaa, na kila masika upande wa nyuma ulifanya madoa ya manjano yakapanda mpaka kifuani mwa mtu. Mimi niliona haya. Nikamwambia Mzee Bakari, bila kuulizwa, kwamba kabla ya harusi nyumba yote itapakwa na Fundi Mbwana. Nilimtaja kwa sababu hakuna aliyekuwa hamjui. Alikuwa Mdigo, anakaa Makorora hapa hapa Tanga, kazi yake kupaka rangi tangu ujana wake, mtu wa maneno machache na ngazi ndefu. Mzee Bakari akafurahi. Akasema hata wao wana nia ya kumpa madrasa yao aipake, na nyumba mbili za ukoo. Siku ile nilikuwa bado sijazungumza na fundi hata neno moja.

Nikamwita. Alikuja asubuhi, akavua viatu, na hakuuliza nataka rangi gani. Aliuliza mvua hupiga upande upi. Akauliza mara ya mwisho ukuta ulipakwa nini na nani, na kama bati linavuja. Akatoka akazunguka nyumba, akakuta lile rundo la udongo lililokuwa limeegemea ukuta wa nyuma tangu tulipochimba choo, akalitazama kwa muda. Aliporudi ndani aliweka kiganja ukutani akakiacha hapo kama mtu anayepima homa. Kisha akakwangua kidogo kwa ukucha, akaonja.

Mimi nilimwambia nataka rangi ya mafuta, ya kijani. Nilikuwa nimeiona nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi nilipokwenda kumpima koti. Ukuta wake uling'aa mpaka taa ikaonekana mara mbili. Nikamwambia pia kwamba harusi ni baada ya wiki tatu.

Fundi Mbwana akasema, "Ukuta huu unakunywa maji, bwana. Ukiuziba kwa mafuta utayatapika."

Akanieleza kwa upole. Udongo wa nyuma uondolewe. Rangi ya zamani ikwanguliwe yote, ukuta uachwe wazi upigwe na upepo muda wa miezi miwili, na mwisho upakwe chokaa, kwa sababu chokaa huacha ukuta upumue. Akasema kwa ajili ya harusi anaweza kukwangua na kupaka chokaa nyepesi ya muda, ipendeze siku ile, na kazi yenyewe tuifanye wakati wa kiangazi. Nikakubali kwa mdomo. Akaanza kukwangua. Siku mbili majirani walimwona juu ya ngazi yake mlangoni kwetu.

Siku ya tatu nikaingia sebuleni, nikaona ukuta umevuliwa nguo, mabaka matupu, na roho ikaniruka. Nikamwambia aache kukwangua, apake rangi ya mafuta, nimekwisha kununua mikebe. Akarudia maneno yake. Nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naona aibu, maana ni maneno ambayo wateja wabaya huniambia mimi. Nilimwambia, "Fundi, nimekuita upake rangi. Sikukuita unifundishe nyumba yangu."

Wewe unajua mtu akiniletea kitambaa cha suruali akataka nimshonee suti, mimi namrudishia kitambaa chake. Sikati. Nasema nguo ikimbana watu hawatauliza nani alileta kitambaa kifupi, watauliza nani alishona. Nilikuwa nayajua haya miaka ishirini, na siku ile sikuyaona kwa mwenzangu. Fundi Mbwana alishuka, akafuta chuma chake cha kukwangulia, akasema, "Basi tafuta mtu wa kupaka. Mimi nikipaka ukuta naacha jina langu hapo." Akachukua ngazi akaondoka, na malipo ya siku mbili hakuyangoja.

Nikamwita baba yako mdogo Athumani. Alikuwa amepaka magari rangi katika gereji, naye hakujua kukataa. Nilimwambia apake nene ili madoa yasionekane, akapaka nene. Kwa siku tano sebule iling'aa kijani, taa ikaonekana mara mbili, nami nikakaa pale nikijisifu kimoyomoyo kwamba fundi mkubwa alinitisha bure. Mama yako aligusa ukuta siku ya sita, akaniambia bado unanata. Nikamwambia utakauka.

Haukukauka. Siku ya harusi wanawake walijaa sebuleni juu ya mikeka, joto kama unavyolijua, na watu wakachoka wakaegemea. Sisi wanaume tulikuwa barazani tumemaliza kula. Nilikuwa nimekaa na Mzee Bakari na wazee wenzake wa Pangani, na Athumani yuko ubavuni mwangu, tunazungumza vizuri kabisa. Ndipo dada yake Mzee Bakari alipotoka mlangoni akatugeuzia mgongo. Buibui lake jipya lilikuwa limepata kijani kuanzia mabegani mpaka kiunoni, na vipande vya rangi vimegandamana nalo kama magamba. Ndani wanawake walikuwa wananyanyuka mmoja mmoja na kukaguana. Ukuta ulikuwa umefanya malengelenge makubwa, mengine yamepasuka na kutoa maji.

Mzee Bakari aliuliza, "Hii ndiyo kazi ya Fundi Mbwana mliyekuwa mkimsifu?"

Jirani mmoja akajibu kabla yangu kwamba ndiyo, yeye mwenyewe alimwona na ngazi yake siku mbili. Mzee Bakari akanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema, Zuhura. Usije ukamwamini mtu anayekuambia jambo kama hilo hupita haraka. Nilipata muda wa kuwaza yote. Niliwaza kwamba nikisema ukweli nitaonekana mpumbavu aliyemfukuza fundi. Niliwaza kwamba Athumani yupo hapa anasikia. Niliwaza kwamba nilimwambia huyu mzee jina la fundi nikiwa bado sijamwita, na uongo ule mdogo utafuatana na huu. Nikatazama chini.

Wewe ulikuwa umesimama hapo na sinia la kahawa. Ukasema, bila kupaza sauti, "Baba, si Fundi Mbwana. Ni baba mdogo aliyepaka."

Nilikushika mkono juu ya kiwiko, nikaukaza mpaka vikombe vikatikisika, nikawaambia wageni watoto hawajui wanalolisema. Ulinitazama mara moja, ukaenda zako ndani. Mzee Bakari akasema ni bahati ameliona kabla hajampa mtu huyo madrasa. Wakaendelea na kahawa. Athumani alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama yako alilisafisha lile buibui kwa mafuta ya taa na sabuni, siku mbili mfululizo, mpaka likarudi jeusi. Aliponipa nilitume kwa basi la Pangani aliniambia, "Rangi nimeitoa. Doa lako utalitoa mwenyewe." Hakusema tena, na nilitamani angegomba.

Ikapita miezi minne. Nilijiambia mambo ya mji husahaulika. Kisha akaja karani mmoja kuchukua kanzu, akataka kunifurahisha. Akasema alikuwa na nyumba ya kupakwa, na Mbwana alikuja kuiomba kazi hiyo, lakini akamwambia hapana, tumesikia ulivyomharibia fundi wetu wa nguo harusi ya binti yake. Akacheka. Akasema mzee yule sasa anabeba marobota ya katani bandarini, kwa umri ule. Mimi nilikuwa nashona koti la mtu. Alipoondoka niliona nimeweka mkono wa kushoto upande wa kulia, na nimeushona vizuri sana, kwa uzi mara mbili.

Nikafunga duka, nikaenda Makorora kwa miguu.

Nilimkuta Fundi Mbwana ametoka kazini, amekaa kwenye kigoda uani anajimwagia maji miguuni. Mabegani shati lilikuwa limechanika pale robota linapokaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniitia mkeka. Hakuniuliza nimefuata nini. Nikamweleza yote, mpaka habari ya mtoto wangu aliyesema kweli nikamnyamazisha. Nilipomaliza nikamwomba msamaha, na nikamwambia niko tayari kumpa kazi ya nyumba yangu kesho asubuhi, afanye atakavyo.

Alijifuta miguu polepole. Akasema, "Umekuja kuniambia mimi, na mimi nilijua tangu siku ile. Walioambiwa vingine wako Pangani."

Nikamwambia kwamba binti yangu ameolewa huko. Nikamwambia nikienda kujivunjia heshima mbele ya wakwe, yeye ndiye atakayeishi na aibu hiyo. Hakunijibu. Aliingia ndani akaniletea maji ya kunywa, nikanywa, nikarudi nyumbani. Sikumchukia kwa kutonijibu. Alikuwa ameacha jambo langu mikononi mwangu, kama alivyoniachia ukuta wangu.

Kwanza nilikwenda kwa Athumani, maana nilikuwa naenda kumtaja. Nilimwambia nitasema pia kwamba mimi ndiye niliyemwamuru. Akasema amekuwa akingoja miezi minne nifanye hivyo, na kwamba tangu siku ile hajagusa brashi.

Ijumaa nikapanda basi la Pangani. Sijapata kuona njia fupi kama ile. Nilitaka tukwame mahali, hatukukwama. Nilisali pamoja nao, kisha nikamwomba Mzee Bakari turudi barazani kwake na wazee wale wale waliokuwa harusini, na dada yake akae nyuma ya mlango asikie. Rukia aliniletea maji akaniona uso, akabaki amesimama na kata mkononi. Nikasema mbele yake. Nikasema Fundi Mbwana alikataa kuupaka ukuta ule na alinieleza utakavyokuwa, nikamfukuza. Nikasema aliyepaka ni ndugu yangu kwa amri yangu. Nikasema mtoto wangu alilisema hapo hapo, nami nikamfanya mjinga ili nisionekane mimi.

Mzee Bakari alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nimemnyima mtu riziki yake kwa neno lako ambalo hata hukulisema." Akainuka akaingia ndani. Hakunikaribisha chakula. Kutoka nyumba ya wakwe, siku ya Ijumaa, nilirudi Tanga na njaa, na nilijua nimestahili.

Mwaka mzima hakukanyaga kwetu. Salamu alileta, kwa mdomo wa watu. Lakini wiki ile ile alimpeleka mtu Makorora kumwita Fundi Mbwana, na fundi akaenda na ngazi yake, akapaka madrasa na nyumba zile mbili, akakaa huko miezi miwili. Rukia hakudharauliwa kama nilivyoogopa. Aliniambia baadaye kwamba mama mkwe wake alimwambia baba yake ana ujasiri wa kukiri, na kwamba wengi hufa hawajakiri. Mimi sijisifii. Nilichelewa miezi minne, na mabega ya mtu mwingine ndiyo yaliyoilipa.

Kiangazi nilimwita tena. Safari hii niliuliza kwanza ukuta unasemaje. Nadhani alitabasamu, lakini kwa Fundi Mbwana huwezi kuapa. Lile rundo la udongo wa nyuma nililiondoa kwa mikono yangu, siku nne, na mgongo wangu wa fundi cherehani ukanifundisha adabu. Yeye alikwangua ule uchafu wa kijani wote mpaka mawe yakaonekana. Tukakaa miezi miwili na kuta tupu. Wageni walikuja wakauliza kulikoni, nami niliwajibu kwamba fundi amesema tungoje. Ilikuwa sentensi rahisi kuliko nilivyodhani.

Akaloweka chokaa kwenye pipa, akaichuja kwa kitambaa nilichompa mimi, akatia buluu ya kufulia kidogo ili weupe usiumize macho. Akaipaka nyepesi kama maziwa, kwa brashi pana ya katani, mara tatu, na kila mara akaacha ikauke kabisa. Mpako wa kwanza haukuonekana hata kidogo, na zamani ningepiga kelele. Nikaenda zangu kushona. Masika saba yamepita tangu hapo. Nenda kaweke kiganja chako upande wa nyuma kabla hujafunga sanduku. Ni mkavu.

Sasa sikia kwa nini nimekuandikia haya. Huko uendako utakuwa mdogo kuliko wote. Utakutana na watu ambao mikono yao inajua kazi kuliko cheo chao, labda mama mmoja mfagiaji ambaye ameona homa nyingi kuliko wengine wote mle ndani. Akikuambia mgonjwa huyu haendi vizuri, simama umsikilize. Na siku moja litaharibika jambo, na macho ya watu yatamtafuta wa kumlaumu, na yatamwangukia asiyehusika kwa sababu alionekana na ngazi. Wewe utakuwa umesimama hapo na sinia. Sina wasiwasi nawe. Nilikuona ukiwa na miaka kumi. Wasiwasi wangu ni kwamba mkono wa mtu mkubwa ukikukaza utadhani umekosea, maana wa kwanza kukukaza hivyo nilikuwa mimi, baba yako, unayeniamini.

Nilimwomba radhi Fundi Mbwana. Nilimwomba Mzee Bakari na dada yake, na Athumani. Wote niliwafuata makwao, wengine kwa miguu, wengine kwa basi. Kwako ni kuvuka sebule tu, hatua kumi, na miaka minane sijavuka. Nilijiambia wewe ni mtoto, umesahau. Kisha wiki iliyopita mama yako alikuuliza habari ya harusi ya Rukia, nikaona unashika mkono wako juu ya kiwiko, huku ukicheka na kuendelea na mengine.

Ulisema kweli, Zuhura. Ulisema vizuri, kwa adabu, mahali penyewe na wakati wenyewe, nami nilikuumiza na kukufanya mjinga mbele ya watu. Sikuwa na haki hiyo, ingawa ni baba. Nisamehe.

Nilifikiri niiweke barua hii ndani ya sanduku, uikute utakapofika. Nimeona hiyo ni njia nyingine ya kutazama chini. Nitakupa mkononi leo hii, na nitakaa kitini hapa mbele yako mpaka umalize kuisoma. Naisikia sauti ya mama yako njiani, anakukumbusha tena habari za sabuni. Naweka kalamu.

Baba yako,
Fundi Saidi